Maji Yanapopoteza Mkondo

Mwaka 1869, katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, Jean-Martin Charcot alieleza ugonjwa uliokausha misuli ya wagonjwa wake huku ukiikakamaza. Subira yake ilikuwa ya kutisha kidogo: alimchunguza mgonjwa, akaandika kila alichokiona, kisha akangoja afe ili afungue ubongo na uti wa mgongo, alinganishe. Ugonjwa huo leo huitwa ALS, nao ndio unaojulikana zaidi kati ya magonjwa ya neva za mwendo. Wengi huishi miaka miwili hadi minne hivi tangu dalili zianze. Stephen Hawking, aliyegundulika nao 1963 na kufariki 2018, ni wa kipekee.

Ukitaka kuinua kikombe, amri hupita kwa matarishi wawili. Neva ya kwanza huanzia kwenye gamba la ubongo ikashuka hadi uti wa mgongo. Ya pili huipokea amri hapo na kuifikisha kwenye msuli. Ya pili ikifa, ushahidi haufichiki: kiganja kinasinyaa, nyama zinachezacheza chini ya ngozi, na kipimo cha umeme wa misuli kinathibitisha. Ya kwanza hufa kwa siri. Daktari hukitegemea zaidi kinyundo: akigonga goti na mguu ukaruka kupita kiasi, hushuku kwamba ubongo umeachia hatamu. Lakini msuli uliokwisha kunyauka huenda usijibu kinyundo. Kifo cha neva moja kinafunika kifo cha nyingine, na ndiyo maana tunataka picha ya ubongo wenyewe.

Kipimo cha kawaida cha MRI hakitoshi. Mara nyingi majibu hurudi safi, na familia ikashusha pumzi mapema mno. Kazi yake kubwa hapa ni kuwaondoa washukiwa wengine, kwa mfano pingili za shingo zinazobana uti wa mgongo, tatizo linaloweza kufanana na ALS lakini lina upasuaji wake.

Mashine hiyohiyo, hata hivyo, inaweza kufundishwa kufuata maji. Njia hii ilielezwa mwaka 1994. Molekuli za maji ndani ya ubongo hazitulii kamwe, na pale nyuzi za neva zilipolala pamoja kama matete katika tita, maji hupita kwa wepesi kufuata urefu wa nyuzi kuliko kuzikata kwa upande. Mashine hupima jinsi maji yanavyoshika mwelekeo. Nyuzi zikifa, kingo zinabomoka, maji yanatawanyika ovyo. Kwa wagonjwa wa ALS mtawanyiko huo huonekana kwenye njia inayoshuka kutoka gamba la mwendo, na pia katika daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo. Watafiti wa Ulm, Ujerumani, wametumia maji hayo kupanga hatua za ugonjwa kwa watu walio hai, wakifuata ramani ya mrundikano wa protini ya TDP-43 iliyochorwa kutokana na ubongo wa marehemu. Charcot angeelewa mara moja.

Tatizo ni kwamba tofauti hizi hujitokeza kundi likilinganishwa na kundi. Mmoja mmoja, namba za mgonjwa mara nyingi huangukia mlemle zilimo za watu wazima wenye afya. Tena mashine za hospitali mbili hazisomi sawasawa. Kwa sasa damu imeitangulia picha. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha tofersen, dawa ya kundi dogo lenye hitilafu katika jeni ya SOD1, ikizingatia kushuka kwa niurofilamenti, vipande vya neva zinazokufa vinavyovuja hadi kwenye damu. Damu inasema moto ni mkali kiasi gani. Haisemi unawaka chumba kipi, na hilo ndilo linalonifanya nisiikatie tamaa picha.

Kuna jambo dogo ambalo vitabu hulipitia haraka. Kupigwa picha hii ni kulala chali, kimya, dakika nyingi, na ALS hulegeza kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia. Ugonjwa ukishafika hapo, mtu akilala chali anakosa pumzi na mate yanampalia. Wanaorudi kwa picha ya tatu na ya nne ni wale ambao ugonjwa unawaendea polepole. Waliokimbizwa nao wanakosekana kwenye jedwali, na mtafiti asiyewahesabu atadhani ubongo hufa taratibu kuliko unavyokufa.