Wazee wa Bwami na Fadhila za Leo Katika Fizi na Baraka

Kabla serikali ya Wabelgiji haijakipiga marufuku mwaka 1948, chama cha bwami, ambacho Wabembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo, walikuwa nacho sawa na jirani zao Walega, kilikuwa ndicho chuo chao kikubwa cha adabu. Na aliyekiingia alipanda daraja baada ya daraja, akifunzwa kwa methali, kwa ngoma na, hasa kwa Walega, kwa sanamu ndogo za mti na za pembe za ndovu, ambazo kila moja ilibeba somo lake juu ya mgomvi, mlafi, mzinzi au mzee mwenye busara. Mgeni aliyetazama kwa haraka angaliweza kudhani kuwa vyeo vile vilinunuliwa, maana kila daraja ilidai matoleo mengi. Lakini mali hiyo haikulala katika mfuko wa mtu mmoja, bali iligawanywa kwa waliohudhuria; na mwenye kutaka kupanda ilimlazimu kwanza kuwa na jamaa walio radhi kumchangia na wakubwa walio radhi kumshuhudia, hata tajiri aliyegombana na ukoo wake wote akabaki nje pamoja na utajiri wake. Wala mume hakuzifikia daraja za juu pasipo mkewe kupanda pamoja naye. Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Kibelgiji aliyefanya utafiti kwa Walega na Wabembe katika miaka ya 1950, alipokitoa kitabu chake juu ya Walega mwaka 1973, aliitia falsafa ya maadili katika anwani yenyewe, na naona alistahiki kufanya hivyo.

Waliyoyatukuza wazee hao hayako mbali na yale aliyoyapanga Plato huko Athens, yaani hekima, ushujaa, kiasi na uadilifu, ambayo Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyahesabu kuwa mashina ya tabia njema zote, na Thomas Aquinas akayathibitisha katika mafundisho ya Kanisa; kwa hiyo Mwislamu wa mji wa Baraka, ambaye dini yake ilivuka Ziwa Tanganyika pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji, na Mkristo anayepakana naye ua kwa ua, wote wawili wanarithi mali moja. Bwami iliongeza sharti moja ambalo sisi tumelisahau: kwamba mtu hajitangazii wema wake, bali wanaoushuhudia ni wale wanaokaa naye, wanaokula naye na wanaodaiana naye.

Sharti hilo lilipata kupimwa vikali katika jambo la mashamba. Vita vya mwaka 1996, na vile vilivyofuata mwaka 1998, viliwavusha watu wengi wa Fizi hadi mkoa wa Kigoma, Tanzania, wakakaa miaka mingi katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Na ilipofika mwaka 2005 meli zikaanza kuwarejesha Baraka, wakashuka pwani na vyombo vyao vichache na watoto waliozaliwa ng'ambo, wengine wakakuta muhogo wa mtu mwingine umestawi katika ardhi ya baba zao. Hati hazikuwapo; mpaka wa shamba ulijulikana kwa mti, kwa kijito na kwa kumbukumbu za wazee. Mtu aliyelima hapo miaka minane hakuwa mwizi kila mara, kwani huenda naye alikimbia kwao, na kumwondoa usiku mmoja ni dhuluma nyingine; hapo ndipo hekima ilipotakiwa kumtafutia msimu wa kuvuna mazao yake kabla ya kuhama. Lakini aliyebeba mzigo mzito kupita wote alikuwa mzee aliyeombwa kuuonyesha mpaka, naye akijua kuwa neno la kweli litamnyang'anya shamba mtoto wa dada yake mwenyewe.

Mimi namhesabu mzee huyo, anaponena kweli, kuwa ndiye shujaa. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa katika milima hii ya Fizi, alikopita Che Guevara mwaka 1965 na ambako Laurent-Désiré Kabila aliweka makao ya uasi wake tangu mwaka 1967, kijana amekua akisikia ushujaa ukitajwa sanjari na bunduki. Na katika uhasama wa Wabembe na Wanyamulenge huko nyanda za juu, anayethubutu kuwaambia watu wa kabila lake kwamba ng'ombe wale wameporwa, au kwamba kijiji kile kimechomwa bila hatia, huhatarisha heshima yake, na pengine uhai wake, pasipo kuimbiwa wimbo wowote.

Katika kazi za kila siku mambo ni mepesi kidogo, ingawa si madogo. Nahodha anayekataa abiria wa ziada ziwa likichafuka, mama anayeuza ndagala kwa kipimo kisichobonyezwa kitako, muuguzi anayemhudumia asiye na kitu kwa utaratibu uleule wa mwenye nacho, hao wote hupoteza faida ya siku ile mbele ya macho ya wenzao. Dhahabu ya machimbo ya Misisi nayo imewafundisha vijana wengi kupata kingi kwa wiki moja na kukimaliza kabla ya Jumapili, kisha kuheshimiwa kwa sababu ya walichomaliza.

Basi wale wanaoteua viongozi wa kamati ya soko, ya wavuvi au ya wazazi wa shule wangefanya vyema kwenda kwanza kwa jirani wa mteuliwa, kwa mkewe na kwa vibarua aliowaajiri mwaka jana, wakauliza kama aliwalipa.