Kabla ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya mtihani

Zamani mzazi aliposikia neno mtihani alifikiri darasa la saba au kidato cha nne, basi. Siku hizi wako vijana wetu waliokwisha kumaliza chuo kikuu, wakafanya kazi miaka miwili mitatu katika benki, katika chama cha ushirika au katika ofisi ya serikali, na sasa wanataka kuendelea na masomo ya juu ya uongozi wa biashara. Habari inafika kijijini: "Baba na Mama, shikamooni. Kuna mtihani mmoja wa kuingilia chuo, naomba msaada wa ada." Wazee wanatazamana. Mtihani gani tena, na kijana amekwisha kuvaa joho?

Mtihani huo huitwa GMAT, na vijana hulitamka neno hilo "jimati". Ulianzia Marekani. Mwaka 1953 vyuo 9 vya biashara vilipatana kutunga mtihani mmoja wa kuchagua wanafunzi, na mwaka 1954 ukaanza kufanywa. Siku hizi hufanywa katika nchi nyingi sana, kwa kompyuta, na alama zake hupokelewa na vyuo vya Marekani, Ulaya na kwingineko. Katika hivyo vimo vyuo vya Kikatoliki: Georgetown ya Wajesuiti, iliyoanzishwa mwaka 1789, na Notre Dame, iliyoanzishwa mwaka 1842 na Shirika la Msalaba Mtakatifu, ambalo ndugu zetu wa Uganda wanalijua tangu mapadre wake walipofika huko mwaka 1958. Si kila chuo cha biashara kinautaka mtihani huu. Vingine vina mtihani wao wenyewe, vingine huangalia vyeti na kazi tu. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ni kijana aandike kwa chuo anachokitaka, aulize. Msilipe ada ya mtihani usiotakiwa.

Ada yenyewe si ndogo. Hupita dola 200 za Marekani, na ukishaingia chumba cha mtihani hairudi, upate usipate. Kurudia kunaruhusiwa, lakini mpaka zipite siku 16, tena si zaidi ya mara tano katika miezi 12, na kila mara ni ada mpya. Hesabuni wenyewe ni mbuzi wangapi. Ndiyo maana nasema mtihani wa majaribio ni jambo la nyumba nzima, si la kijana peke yake. Kwa majaribio anaweza kujua yuko wapi kabla fedha ya wazazi haijatoka mfukoni.

Wenye mtihani huo hutoa mitihani miwili kamili ya majaribio bila malipo kwa kila anayejiandikisha katika mahali pao pa intaneti. Imetengenezwa kwa namna ile ile ya mtihani wenyewe, na mwisho kompyuta humpa mtu alama zake. Miwili tu. Mingine ya namna hiyo hununuliwa. Basi kijana mwenye haraka huifanya yote miwili Jumamosi moja, anafurahi au anahuzunika, na Jumatatu hana tena kipimo. Akiirudia baadaye atakutana na maswali aliyokwisha kuyaona, atayakumbuka, alama zitapanda, naye atadhani amepanda yeye.

Mitihani hiyo miwili ni kama mbegu bora iliyonunuliwa kwa ushirika: haitupwi shambani kabla mvua haijanyesha. Wa kwanza ufanywe mwanzoni, hata kabla ya kusoma sana, ili aone udhaifu wake uko wapi. Wa pili uwekwe mpaka majuma mawili au matatu kabla ya siku ya kuamua. Katikati hapo kuna vitabu vya maswali, na huko ndiko kazi kubwa iliko.

Lakini angalieni vitabu! Mtihani huu ulibadilishwa mwezi wa Novemba 2023, na ule wa zamani ukakoma kabisa mwisho wa Januari 2024. Insha iliondolewa. Maswali ya jometri yaliondolewa. Maswali ya kusahihisha sarufi ya Kiingereza nayo yaliondolewa. Hata hivyo vitabu vya zamani vingali vikiuzwa barabarani kwa bei rahisi, na kijana anaweza kukesha miezi mitatu akipima pembetatu ambazo hataulizwa. Alama yenyewe ni rahisi kuitambua: zamani alama za jumla zilikuwa kuanzia 200 mpaka 800, sasa ni kuanzia 205 mpaka 805, na zote huishia na tarakimu 5. Kitabu kinachosema 800 ni cha zamani. Kisitupwe, maana maswali yake ya hesabu za kawaida na ya ufahamu bado yanafaa, lakini kisitegemewe.

Mtihani wa sasa una sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, ufahamu na hoja kwa Kiingereza maswali 23, na kusoma majedwali na takwimu maswali 20. Jumla ni saa mbili na robo, na mtu akitaka hupewa mapumziko ya dakika 10. Gawanyeni, mtaona kila swali lina kama dakika mbili hivi. Katika sehemu ya hesabu hakuna mashine ya kukokotolea. Katika sehemu ya majedwali ipo. Basi kijana anayefanya mazoezi ya hesabu huku simu iko kando yake, akigawanya 84 kwa 7 kwa simu, anajidanganya.

Tena kompyuta hiyo ina tabia yake. Ukipata swali, hukuletea gumu zaidi. Ukikosa, hukuletea jepesi zaidi. Kwa hiyo hata mwanafunzi hodari hutoka jasho, naye hudhani ameshindwa kumbe ndiyo kwanza anapanda. Na mwisho wa kila sehemu, muda ukibaki, huruhusiwa kurudi na kubadili majibu, lakini si zaidi ya matatu. Maswali yaliyoachwa bila kujibiwa hupunguza alama. Mambo hayo hayasomwi kitabuni yakaingia mwilini. Lazima mtu akae, saa itembee mbele yake, aone moyo unavyodunda dakika ya arobaini akiwa na maswali matano bado.

Sasa, wako wanaosema kwamba kufanya majaribio ni kupima tu, na kusoma ni kusoma. Sivyo. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa habari ya jaribio lao. Wanafunzi walisoma habari fupi. Kundi moja liliisoma tena mara ya pili. Kundi jingine halikuisoma tena, bali liliambiwa liandike kwa kichwa kila linalolikumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikumbuka zaidi kidogo: asilimia 81, na wenzao 75. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara mbili walibaki na asilimia 42, na wale waliojipima walikuwa na 56. Kujipima kwenyewe kuliwafundisha. Katekista yeyote anajua jambo hili ingawa hajasoma takwimu: mtoto anayeulizwa katekisimu kila siku huijua kuliko anayefuatisha kwa macho kitabuni.

Hata hivyo, kufanya majaribio mengi siyo dawa. Naona vijana wanaohesabu: "Nimefanya mitihani kumi na miwili." Ukiwauliza swali la saba la mtihani wa nne walikosea kwa nini, hawajui. Waliangalia alama, wakafunga, wakaendelea. Huko ni kupima joto la mgonjwa kila saa bila kumpa dawa. Mtihani mmoja wa saa mbili na robo unataka saa nne au zaidi za kuusahihisha, ukipenda ugawe siku mbili.

Namna ya kusahihisha ni hii. Wakati wa kufanya, kila swali ambalo kijana amebahatisha alitie nukta kwenye karatasi ya kando. Akimaliza, asianze na aliyokosa tu. Aanze na yale yenye nukta aliyoyapata! Hayo ndiyo ya hatari, kwa kuwa yanahesabiwa kama anayajua na kumbe hayajui. Siku ya mtihani bahati haitakuwepo. Kisha aende kwa aliyokosa, na kwa kila moja aandike katika daftari, kwa maneno yake mwenyewe, kosa lilitokea wapi: hakujua kanuni, au alijua lakini alisoma swali upesi upesi, au alikaa dakika tano akakosa muda wa mengine. Hayo ni magonjwa matatu tofauti. Wa kwanza arudi kitabuni. Wa pili kitabu hakitamsaidia neno. Ajizoeze kusoma swali hadi mwisho. Wa tatu ajifunze kuachilia: abahatishe na kusonga mbele. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba kuacha swali ni uvivu, na fundisho hilo, jema kwa mambo mengine, hapa linaua.

Niwape mfano wa swali la namna ambayo huwatatiza sana, nimelitunga mwenyewe. Chama cha ushirika kiliuza magunia ya kahawa. Je, magunia yalizidi 50? Habari ya kwanza: idadi yake inagawanyika kwa 12 bila baki. Habari ya pili: yalizidi 40 lakini hayakufika 60. Mtu haulizwi idadi. Anaulizwa kama habari hizo zinatosha kumpa jibu la hakika. Ya kwanza peke yake haitoshi, maana yaweza kuwa 12 au 120. Ya pili peke yake haitoshi, maana yaweza kuwa 45 au 55. Zote mbili pamoja zinaacha idadi moja tu, 48. Basi magunia hayakuzidi 50. Hapo kijana anaandika "habari hazitoshi", kwa sababu jibu ni hapana! Kumbe hapana ya hakika ni jibu la hakika, na habari zinatosha. Akikosa swali hili, akaona tu alama nyekundu na kupita, atalikosa tena mwezi ujao kwa magunia ya pamba. Akiandika daftarini, "nilidhani hapana maana yake haitoshi," halikosi tena.

Kwa Kiingereza shida ni nyingine. Vijana wetu wanakijua, lakini wanakisoma polepole, wakitafsiri kichwani. Hapa majaribio peke yake hayatoshi. Asome kila siku kurasa mbili tatu za habari za uchumi au sayansi kwa lugha hiyo, kisha afunge karatasi na kusema mwandishi alitaka kuthibitisha nini. Nusu saa ya kila siku hufaa kuliko Jumamosi nzima.

Sasa ninyi wazazi, mnalo la kufanya, hata kama hamjui neno moja la Kiingereza. Kijana akija likizo na kusema, "Mama, leo asubuhi nafanya mtihani wa majaribio," yampasa apate saa zake mbili na robo bila kukatizwa. Asiitwe kufunga ndama. Asitumwe dukani "mara moja tu". Wadogo zake wasimzunguke kutazama kompyuta. Mtihani wa majaribio uliokatwa mara tatu hauna thamani, kwa kuwa alama zake hazisemi kweli, na wa bure ni miwili tu kama nilivyosema. Kama nyumbani hapana umeme au intaneti, mpeni nauli aende mjini siku hiyo, kwenye duka la kompyuta lililo tulivu, saa ile ile ya asubuhi atakayofanyia mtihani wa kweli. Nauli hiyo ni ndogo kuliko ada ya kurudia.

Na kuhusu kulipa: msilipe mapema ili "kumtia moyo". Kubadili tarehe baadaye nako hutozwa fedha. Subirini mtihani ule wa pili wa bure. Vyuo vingi hutangaza alama ambazo wanafunzi wao waliopokelewa walipata. Kijana awaonyeshe karatasi mbili, ile ya chuo na ile yake, mzilinganishe mezani. Zikiwa karibu, lipeni kwa moyo mweupe. Zikiwa mbali, mwambieni kwa upole asubiri miezi miwili mitatu aendelee na daftari lake, na ng'ombe abaki zizini. Alama akizipata hudumu miaka mitano, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbizana.

Jambo moja dogo la mwisho, ambalo sisi makarani wa parokia tunaliona mara nyingi. Jina analojiandikisha nalo kijana lazima lilingane na lile la kitambulisho atakachopeleka, herufi kwa herufi, la sivyo atarudishwa mlangoni na ada imekwenda. Wako wengi ambao cheti cha ubatizo kinasema Yohane, cheti cha shule John, na pasipoti Johnn kwa sababu ya kidole cha mpiga chapa. Yaangalieni makaratasi hayo sasa, kabla ya kujiandikisha. Anayehitaji nakala ya cheti cha ubatizo ili kunyoosha majina yake aje ofisini siku za kazi, asubuhi, siyo Jumapili baada ya Misa watu wakiwa wamejaa mlangoni.