Kijidudu kinachojificha ndani ya jicho

Ukifika Emali na kuiacha barabara kuu ya Mombasa kuelekea Loitokitok, unaingia Kajiado, ambako ugonjwa wa vikope, au trakoma, umesumbua jamii za wafugaji kwa miaka mingi. Unaletwa na bakteria aitwaye klamidia, ambaye aina zake nyingine huleta ugonjwa wa zinaa.

Kijidudu hiki hakizaani nje ya chembe za mwili. Huingia kikiwa kidogo na kigumu kama mbegu, kisha hujifungia katika kifuko ambacho kinga za chembe hazikifikii. Humo hunyonya chakula cha mwenyeji wake na kugawanyika. Baada ya siku mbili au tatu, mamia hutoka kushambulia chembe nyingine.

Maambukizi yakirudiarudia, ukope hupata makovu na kujikunja ndani. Nywele zake hukwaruza kioo cha jicho hadi mtu apofuke.

Dawa ya azithromaisini hupenya hadi ndani ya chembe na kukiangamiza. Lakini mzazi, inzi, vidole na leso hueneza tongotongo za mtoto. Mwoshe uso kila siku, kwani dawa pekee haitoshi.