Moto Shingoni mwa Ganda la Risasi
Yamkini wengi hudhani kuwa ganda la risasi ni takataka pindi risasi ifyatuliwapo. La hasha! Ganda hilo, ambalo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, huweza kujazwa baruti tena. Hata hivyo, kila linaporejeshwa umbo lake, shingo yake huzidi kuwa ngumu na hatimaye hupasuka.

Tatizo hili si geni. Katika karne ya 19, maganda ya jeshi la Waingereza nchini India yalipasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua. Mnamo 1921, Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza chanzo: amonia ya mkojo wa farasi mazizini iliidhuru shaba iliyobaki na mkazo tangu ilipofinyangwa. Tiba ilikuwa moto.

Siku hizi shingo huingizwa katika koili ya waya, nao mkondo geu wa umeme huipasha joto kwa sekunde chache, ikalainika. Aidha, kitako kamwe kisilainishwe, kwani ndicho kihimilicho shinikizo la gesi. Kikilegea, ganda laweza kupasukia usoni mwa mfyatuaji. Hivyo basi, moto uponyao shingo ndio huo huo uharibuo kitako.