Panda Nyasi Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Wengi wetu tunaoishi mjini tukipata vijisenti hukimbilia mnadani, tukanunua mafahali watatu na kuwapeleka kwa wazee mashambani. Januari ikifika, jua ni kali na malisho hakuna! Ng'ombe wanakonda, na mzee analazimika kuwauza kwa bei ya kutupa.

Kosa ni kuanza na ng'ombe. Fahali wa kilo 250 huhitaji kama kilo 40 za nyasi mbichi za napier kwa siku. Watatu watakula kilo 120. Je, ploti yako itawatosheleza?

Panda napier mvua ya masika inapoanza, ukitia samadi shimoni. Baada ya miezi mitatu au minne, zikifika kimo cha mita moja, anza kukata. Usingoje zikomae, kwani shina gumu halinenepeshi mnyama. Katikati ya mistari panda desmodiamu, iongeze protini. Nyasi zitakazozidi zikatekate, uzishindilie shimoni na kuzifunika kwa plastiki zisipate hewa, ziwe akiba ya kiangazi.

Akiba ikishakuwapo, basi nenda mnadani.