Kabla Hujamnunulia Asiyeona Simu ya Vitufe

Ndugu wengi wakitaka kumnunulia simu jamaa yao asiyeona humtafutia ya vitufe, kwa kudhani kioo laini hakitamfaa. Mara nyingi hukosea. Simu nyingi za vitufe hazimsomei ujumbe, ilhali simu janja za Android zina TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo. Kama haimo, inapakuliwa bure Play Store. iPhone nazo zina VoiceOver. Zote mbili zimekuwepo kwenye simu tangu 2009.

TalkBack ikiwashwa, mguso unabadilika maana. Ukigusa mara moja, simu inataja kilicho chini ya kidole bila kukifungua. Ukitaka kukifungua, unagonga mara mbili haraka. Ukitelezesha kidole kwenda kulia, inahamia kitu kinachofuata. Mwenye macho akiiwasha bila kujua huamini simu imeharibika na kukimbilia kwa fundi. Namba ya siri ni vyema iingizwe ukiwa umevaa spika za masikioni, la sivyo foleni nzima kwa wakala wa pesa za simu huenda ikaisikia.

Kinachowakatisha wengi tamaa ni sauti. Simu ikibaki na sauti ya Kiingereza, "pole" inasomwa "poul" na "wake" inasomwa "weik". Ujumbe wa mistari mitatu unageuka fumbo. Kwa hiyo, kabla ya kumfundisha mtu lolote, ingia kwenye mipangilio uchague sauti ya Kiswahili. Google wanayo. Ipo pia eSpeak NG, ya bure na nyepesi. Sauti yake ni kavu, haina utu hata kidogo, lakini ukiiharakisha maneno bado yanasikika vizuri, na ndiyo maana wazoefu wengi hawaiachi.

Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya kusoma kioo kwa sauti iitwayo NVDA, iliyoanzishwa 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, kisha mwenzake asiyeona, James Teh, akajiunga naye, wakati programu za aina hiyo zikiuzwa bei ya kutisha. Hadi leo ni bure.

Kwa kuwa sauti zipo, je, nukta nundu zimepitwa na wakati? Hata kidogo. Mtoto anayesikiliza tu hajui neno linaandikwaje, na hesabu ndefu haishikiki kwa masikio. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, yenye kitufe kimoja kwa kila nukta kati ya nukta sita, bado inahitajika darasani.

Programu zote za kusoma kwa sauti hukwama mahali pamoja: penye picha. Tangazo la msiba au la kikao likipigwa picha na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp, mara nyingi asiyeona husikia neno "picha", basi. Zipo programu za kuchambua maandishi ndani ya picha, ila hubahatisha, hasa mwandiko wa mkono. Ukituma tangazo, andika maneno yaleyale chini yake.