Tairi Gumu kwa Mwiba, Jepesi kwa Mguu

Mbigili hutambaa chini kandokando ya njia za Dodoma, Singida na nyika nyingine kavu za Afrika Mashariki. Ua lake ni dogo, la njano, wala halimtishi mtu. Balaa ni tunda. Likishakauka hupasuka vipande vinne au vitano, na kila kipande kina miiba iliyopangwa kiasi kwamba, hata kianguke vipi, mwiba mmoja utatazama juu. Mwiba huo kwa kawaida una urefu wa milimita 4 hadi 7. Mpira wa tairi la kawaida la baiskeli, pale katikati linapokanyaga ardhi, una unene wa milimita 3 hivi likiwa jipya. Likishalika, hesabu inazidi kuharibika.

Basi dawa si kununua tairi nene? Ndivyo wauzaji wengi wanavyosema, na kusema kweli hawadanganyi kabisa. Tairi nene litapunguza pancha. Ila kuna deni utakalolipa kwa miguu kila siku, na deni hilo lina maelezo yake katika fizikia.

Gurudumu linapozunguka, sehemu ya tairi inayogusa ardhi hubonyea, kisha ikiinuka hurudia umbo lake. Mpira haurudishi nguvu yote uliyotumia kuubonyeza. Kiasi hupotea kama joto. Upotevu huo huitwa histeresisi. Bonyeza donge la unga wa chapati na kidole: nguvu yako imeingia, haikurudi. Tairi gumu lenye mpira mwingi lina tabia inayokaribia hiyo, na hubonyezwa zaidi ya mara mia nne katika kila kilomita.

Tupige hesabu. Mwendeshaji na baiskeli yake, jumla kilo 100, wanakwenda kilomita 18 kwa saa kwenye lami tambarare. Kwa tairi laini la ubora mzuri, matairi yatakula takriban wati 25. Kwa tairi gumu na zito, wati 50 si ajabu. Mtu wa kawaida mwenye afya anaweza kutoa kama wati 100 kwa muda mrefu, kwa hiyo tofauti hiyo ya wati 25 ni robo ya jasho lake, imepotelea kwenye mpira. Mfungie mizigo ya kilo 100 nyuma, kama wanavyofanya wauza mkaa, na hasara hiyo inakuwa mara mbili. Ndiyo maana huyu anayebeba sana, ambaye ndiye anayeogopa pancha kuliko wote, ndiye pia anayeumizwa zaidi na tairi baya.

Upepo ndani ya tairi uliletwa kutatua jambo hilihili. Mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mskoti Robert William Thomson alikuwa amesajili wazo hilo tangu miaka ya 1840, ila halikushika. Upepo ukibanwa hurudisha karibu nguvu yote, na huo ndio ushindi wake juu ya mpira mtupu. Leo matairi ya sponji yasiyojazwa upepo yanauzwa kwa sifa ya kutopata pancha milele. Ni kweli hayapati. Lakini ni mazito, yanatikisa mifupa kwenye changarawe, na yanakula nguvu. Kwa toroli sawa. Kwa safari ya kilomita 20, mimi siyashauri.

Siri iko mahali kinga ilipowekwa. Mwiba huingia katikati, panapokanyaga. Ubavu wa tairi hauchomwi mara nyingi, lakini ndio unaojikunja sana. Tairi zuri basi huwa na kinga katikati tu, na mbavu nyembamba, laini. Ukiwa dukani, libane tairi ubavuni kwa dole gumba na kidole cha shahada. Likikunjika kirahisi huku katikati pakiwa pamejaa, hilo lina akili. Likiwa kama ubao pote, unene huo ni mpira wa bei rahisi tu.

Kinga yenyewe ni ya aina mbili. Ya kwanza ni mkanda uliofumwa kwa nyuzi kama Kevlar, zilizobuniwa na mkemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont mwaka 1965, na ambazo hutumika pia katika fulana za kuzuia risasi. Mkanda huu ni mwepesi na huzuia vizuri vipande vya chupa, kwa sababu kioo hukata na nyuzi hizo hazikatiki ovyo. Mwiba haukati, hupenya. Ncha yake hutanua nyuzi na kupita katikati yake. Vivyo hivyo waya mwembamba wa chuma unaobaki pembeni mwa barabara kuu baada ya tairi la lori kupasuka.

Aina ya pili ni tabaka la mpira unaovutika, lililolazwa chini ya mpira wa juu. Mfano unaojulikana ni Schwalbe Marathon Plus ya Ujerumani, ambayo tabaka lake lina unene wa milimita 5. Jumlisha na mpira wa juu, mbigili imeshindwa kwa urefu tu. Ila tairi moja hukaribia kilo moja, na bei yake si ya mchezo. Tena msidanganyane: mwiba wa mgunga wenye sentimita 5 hauzuiwi na tairi lolote la upepo la baiskeli.

Kwa hiyo, anayeishi mjini ambako tatizo ni chupa atafute mkanda uliofumwa. Anayepita nyika ya mbigili atafute tabaka nene la katikati, au abaki na tairi la wastani na kutia ndani ya tyubu maji ya kuzibia, yale ya utomvu wa mpira wenye chembe ndogo. Maji hayo huziba matundu ya mbigili papo hapo, na hayalifanyi tairi kuwa gumu. Ile mbinu ya mafundi ya kutandika kipande cha tyubu kuukuu ndani ya tairi inafanya kazi pia, mradi kingo zake zisuguliwe kwa msasa. Zikiachwa kali, zenyewe zitatoboa tyubu.

Si kila pancha ni ya mwiba. Ukikuta matundu mawili yaliyokaa sambamba, tairi lilikosa upepo na tyubu ikabanwa na rimu kwenye shimo. Hapo unahitaji pampu, si tairi jipya. Tairi pana kidogo husaidia pia, maana hubeba uzito uleule kwa upepo mdogo zaidi bila kubonyea mno. Na kabla ya kulipa, soma namba ndogo ubavuni. Baiskeli nyingi za kizamani za mizigo huvaa tairi la inchi 28 lenye namba 635. Nyingine za inchi 28 ni 622. Tofauti ni milimita 13 za kipenyo, na haliingii kwa kulazimisha.

Baada ya kuziba, pitisha pamba ndani ya tairi polepole. Itanasa palipo na ncha iliyovunjikia humo, ambayo isipotolewa itatoboa hata tyubu mpya. Wakati wa masika kagua mara kwa mara, kwani kioo hukata mpira uliolowa kwa urahisi zaidi kuliko mkavu. Na kama pesa inatosha tairi moja tu la kinga, lifunge nyuma: ndiko kuliko na uzito, na ndiko pancha nyingi zinakotokea.